Majina Aliyoyaita Kaimenyi

Huku kwetu Mitunguu, nduru ikipigwa unatoka. Hata kama una malaria, jikokote mpaka langoni uonekane. Asiyetoka huulizwa alikuwa wapi, na swali hilo peke yake limeharibu maisha ya watu.

Jioni ile Kaimenyi, mnunuzi wa ndizi, alivamiwa njiani karibu na shamba la Gitobu. Alikatwa panga kichwani, akaporwa. Walio ng'ambo ya mto walimsikia akipiga kelele, "Gitobu!" Wakaja mbio. Gitobu hakuonekana. Mkewe, Angeline, alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake, maana alimjua mumewe: angeyakimbilia mapanga mikono mitupu.

Kaimenyi alipona, ila hakukumbuka kitu. Watu wakamkumbukia. Si alimtaja aliyemkata? Angeline alieleza habari ya mlango, lakini nani humsikiliza mke wa mshtakiwa? Wizi wa mabavu adhabu yake ni kifo, hata kama aliyeporwa yu hai. Gitobu akahukumiwa kunyongwa.

Wakamfariji eti siku hizi Kenya hainyongi mtu. Ni rahisi kusema hivyo kama mume wako yuko nyumbani. Angeline alikonda kwa hofu. Simu ikilia kwa namba ngeni, aliiacha ilie mpaka ikatike.

Rufaa ilipokaribia, alimwendea Ciakuthii, mjane mzee tunayemwita Cucu, yaani nyanya, ambaye jiko lake liko kando ya njia ile. Alishuku kwamba siku ile alisikia zaidi ya wengine. Ciakuthii alikana, kisha akaanza kulia.

"Nikisema nilisikia, watajua sikutoka," alisema. "Gitobu amefungwa kwa kutotoka. Mimi wataniachia nini?"

"Cucu, watamuua," Angeline alisema.

Siku ya rufaa Ciakuthii alifika Meru, ameshika kitambaa cha kichwa mkononi kama mtu aliyetoka nyumbani akikimbia. Majaji walikubali kumsikiliza. Alisema Kaimenyi hakuwa akimtaja adui. Alikuwa akiita msaada kwenye nyumba zilizo karibu, kama tufanyavyo sote. Aliita Gitobu, halafu sauti ikapungua, akaita jina lingine ambalo walio mbali hawakulisikia.

Jaji akamuuliza ni jina la nani.

"Langu," alisema.

Gitobu aliachiliwa. Nje ya mahakama Angeline alimkumbatia, hakuamini kwamba askari hawatamrudia. Watu wa kwetu walipita kando ya Ciakuthii bila kumsalimu, na mimi niliona aibu kwa niaba yao na kwa niaba yangu.

Kaimenyi peke yake ndiye aliyemwendea, kovu likimeta kichwani. Alimuuliza polepole kama aliliita jina lake mara moja tu.

Ciakuthii akatikisa kichwa. "Mpaka sauti ikakwisha, mwanangu," alisema.