Majani Yaliyoondoka na Mama

Ziwa lilipopanda, lilimeza shamba letu la mihogo kule Minago, na mafunjo yakaota hadi nyuma ya nyumba. Majirani wengi waliyafyeka wapate mahali pa kuegesha mitumbwi. Mama alikataa. Alikuwa msusi wa mikeka, na alikata kwa kuchagua: shina lililokomaa alilichukua, changa akaliacha.

"Humu samaki wanazalia," aliniambia. "Na mawimbi inaishia humu, haifike mu nyumba."

Kwa ajili hiyo alikuwa amegombana na jirani yetu, mvuvi aliyetoka Kivu, aliyefyeka upande wake wote. Walikuwa hawasalimiani.

Asubuhi moja mama aliingia mafunjoni na mundu. Mimi nilibaki nchi kavu nikifunga mafungu. Upepo ukashuka kutoka milimani, mkali, na nikasikia sauti kama ya nguo inayochanika. Kipande cha mafunjo, kikubwa kama ua wetu, kilikuwa kimekatika. Kilielea kuelekea ziwani, na mama juu yake.

"Mama, ruka!"

"Niruke wapi? Maji iko mingi!"

Hakujua kuogelea, wala mimi sikujua. Nilikimbia, na mtu wa kwanza niliyemkuta alikuwa jirani yule, akishona nyavu kando ya mtumbwi wake. Nilinyoosha mkono tu kumwonyesha. Alitazama ziwani, akatupa nyavu chini, akasukuma mtumbwi majini.

Niliingia naye. Mama alikuwa amepiga magoti, ameshika mashina kwa mikono miwili, na majani yakizama kidogo kila wimbi lilipopita. Maji yalimfika kiunoni.

"Nipe mukono, mama," jirani alimwambia.

"Chukua kwanza mzigo wangu wa mafunjo."

"Mama!" nikapiga kelele.

Jirani alicheka, akauchukua mzigo, kisha akamvuta mama hadi akaanguka ndani ya mtumbwi, juu ya miguu yangu. Nilimkumbatia, nikalia kwa sauti kama mtoto.

"Murakoze," mama alimshukuru jirani, bila kumtazama. Baadaye kidogo akamtazama, akamshukuru sana. "Murakoze cane."

Nyumbani nilimbadilisha nguo, nikampikia ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alikula sahani mbili, akalala mchana kutwa. Nilikaa mlangoni nikimsikiliza akikoroma, na sikutaka aache.