Mchaichai wa Katikati

Uvumilivu uliniishia siku nilipomkuta katibu wa kijiji chetu, kijana wa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene, amepiga goti nyuma ya ofisi akikata kwa msumeno sanduku la katikati la benchi langu. Mchaichai uliokuwa ndani yake alikwisha kuung'oa. Ulikuwa umelala kwenye tope, mizizi juu.

"Usinune, dada," akaniambia. "Tunaongeza nafasi. Majani yakae kwenye kiti, wananchi wasimame, huo ndio Ujamaa?"

Benchi aliliazima ili mgeni wa kutoka mkoani apate pa kukaa, na mgeni alikwisha kwenda zake zamani. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Nikalikalia hivyo hivyo, msumeno ukanasa.

"Wewe ulizaliwa na Mnyakyusa," nikamwuliza, "au ulidondoka kwenye lori?"

Alicheka, wala hakujua anakata nini. Lakini ninyi rika langu, tuliokuwa bado tunaandika kwenye vibao vya mawe wakati bendera ya Uhuru inapandishwa, mtanielewa.

Tulipokuwa wadogo kule Suma, mwaka ule wa Uhuru kila mtu alitaka kutengeneza kitu. Majirani walipaka nyumba chokaa, walimu wakatufundisha gwaride mpaka tukawa tunatembea hivyo hivyo kwenda kuchota maji. Baba yangu alikuwa seremala, akasema yeye atatengeneza benchi la uani lenye masanduku ya maua, kama aliloliona kwa wamisheni. Babu, baba yake mzazi, akamwuliza, "Hayo maua tutayala na maharage?"

Mbao za mkaratusi zilikaa darini juu ya moshi wa jiko hadi zikawa na rangi ya chai. Baba alipozishusha na kuzipiga randa, maranda yalijaa uani, nasi wasichana tukayavaa masikioni kama hereni na kucheza rede tukiwa mabibi harusi. Harufu yake, moshi na utomvu pamoja, ninaisikia hata sasa nikipita kwa fundi yeyote. Hakutumia misumari penye uzito. Alichonga ulimi, akachonga tundu lake, akavigonga mpaka vikakumbatiana. Kwenye masanduku alitoboa matundu kwa chuma cha moto, akatandika magome makavu ya mgomba, kisha udongo wetu mweusi. "Mvua ya huku haina likizo," alisema. "Isipopata njia ya kutoka, itakaa humu na kuozesha mbao."

Masanduku ya pembeni yalipandwa dalia nyekundu. La katikati ndilo lililokuwa na akili. Baba alilifanya refu kuliko mengine, akapanda mchaichai, ukanenepa na kupanda juu mpaka aliyekaa upande huu hakumwona wa upande ule.

Kwetu mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, jina lake halitamki. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka apite. Mama alimheshimu Babu hivyo tangu aolewe. Alimpikia, akamfulia, na chakula tukapeleka sisi watoto. Bibi alipofariki, Babu akabaki anakula peke yake huku akisikia vicheko vya jikoni. Ndiyo sababu ya lile sanduku refu.

Mwanzoni walikaa kimya, Mama akichambua maharage upande wake, Babu akivuta kiko upande wake. Siku moja Babu akakohoa, akasema, "Mchaichai, ndizi za leo zilikuwa laini. Mpishi apewe ndaga," yaani asante.

Sisi tuliziba midomo. Mama akainama mpaka ungo ukakaribia kumwagika, akasema taratibu, "Mchaichai, mwambie mzee akila polepole hatapaliwa kama jana."

"Mchaichai, nani aliyekwambia nilipaliwa?"

"Mchaichai, kikohozi chake kilisikika mpaka Tukuyu mjini."

Basi tangu siku hiyo mmea ule haukupumzika. Ulipelekewa habari za pareto, za mbuzi wa jirani, za redio, za meno yetu yaliyong'oka. Mbuzi huyo wa jirani ndiye aliyeuguguna siku moja ukabaki visiki. Mama akatoka na ungo wake bila kutazama, akaketi, akainua macho, na mara tukaona kanga inapotelea migombani na maharage yamesambaa kama gololi. Babu alijifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mpaka mchaichai ulipochipua tena aliuchunguza kila asubuhi kuliko mahindi yake.

Nilipoolewa Kisondela, Babu alikwisha kututoka. Kaka zangu walinibebea benchi vichwani, Baba akifuata nyuma na kichaka cha mchaichai kimefungwa kwenye gunia. Hakunihutubia. Alisema tu, "Baba mkwe wako ni mgane."

Na kweli, mchaichai ukafanya kazi yake tena. Mume wangu anafundisha mbali, baba mkwe na mimi ndio watu wazima wa ua ule. Jioni nilikuwa nampitishia mtoto kwenye kona ya sanduku kama mzigo wa dukani, mikono ya mzee inampokea, na hadithi yake inaanza.

Enzi zetu fundi alikata mbao ili watu wawili wasioweza kutazamana wakae pamoja. Leo kijana anazikata ili watu wengi wakae wakitazamana, na jioni ile, kati ya waliolikalia pale ofisini, sikuona hata mmoja aliyekuwa na la kumwambia mwenzake. Uani kwangu pamekuwa kimya. Mzee amerudia kula chumbani.

Nikaenda kwa katibu kata, mtu wa pwani aliyehamishiwa huku. Akasema malalamiko yawe ya maandishi, na shahidi atajwe jina. Nimesoma sekondari, kuandika sikuogopa. Nikaandika hapo hapo mezani kwake:

"Kwa Katibu Kata. Yah: Kuharibiwa kwa benchi. Mimi, Mama Subilaga wa Kisondela, ninamlalamikia katibu wa kijiji kwa kuazima benchi langu na kulikata. Ninadai lirudishwe, sanduku la katikati liungwe na fundi anayejua ulimi na tundu, si misumari, na mchaichai upandwe mpaka ufike juu ya kichwa cha mtu aliyekaa. Shahidi ni baba mkwe wangu. Jina lake silitaji, mwulizeni mtu mwingine. Benchi lilipoazimwa, hadithi anayomsimulia mtoto ilikuwa imefika pale mume wangu, akiwa mdogo, alipodandia ng'ombe dume na kuvushwa mto. Ninaomba suala hili lishughulikiwe haraka, kwa kuwa mpaka leo sijui alirudije."