Fundi Aliyenyang'anywa Protrakta

Nimeshona magauni ya harusi ya nusu ya mji wa Tunduma, na sijawahi kukata kitambaa kwa maneno ya mteja. Aape kiuno chake ni inchi ishirini na nane. Mimi nachomoa futi. Futi ikisema thelathini na sita, tunaheshimu futi.

Imani hiyo ilitaka kunizika darasa la jioni. Hesabu nilishafeli mara moja, na bila Hesabu chuo cha ufundi hakinipokei kufundisha ushonaji. Kwenye jaribio tukachorewa duara: pembe ya ukingoni digrii thelathini na mbili, tafuta ya katikati inayokaa juu ya tao lilelile. Nikatoa protrakta, nikafumba jicho moja, nikapima mpaka mchoro ukaona haya.

"Fundi, sabini na moja umeitoa wapi?" akauliza mwalimu, kijana ambaye suruali zake zote nimeshona mimi.

"Kwenye karatasi yako, mwalimu. Nimepima mara tatu."

"Mchoro haukuchorwa kwa vipimo! Ya katikati ni mara mbili ya ukingoni. Sitini na nne."

"Basi aliyechora alikata vibaya."

Mama muuza mchele, jirani yangu wa dawati, alicheka hadi dawati likahama. "Mwache, mwalimu! Kesho atalipima duara kiuno."

Mwalimu akaninyang'anya protrakta. Wiki nzima mkono uliniwasha kama nimeshika upupu. Ikabidi niuhoji mchoro: wewe mstari, umepita kitovuni? Nyie pembe mbili, mnakalia tao moja? Na kumbe mchoro ukiulizwa vizuri unasema kila kitu, kuliko mteja!

Siku ya mtihani, pembetatu ndani ya duara. Pembe moja thelathini na nane, nyingine natafuta. Ya tatu, kwa jicho la fundi, haikufika hata themanini. Lakini upande ulioikabili ulikuwa kipenyo. Nikaandika: pembe ndani ya nusu duara ni tisini; inabaki hamsini na mbili. Jasho lilinitoka la kujaza ndoo, na baridi yote ile.

Matokeo yakaja: D ya kufaulu, iliyonona kama ng'ombe wa sikukuu. Nilipiga kelele hadi malori ya mpakani yakadhani foleni imesogea. Mama muuza mchele akaja mbio, kanga begani, tukakumbatiana.

"Fundi, hiyo D umeipima?"

"Sijaigusa, mama. Nimeamini hivyohivyo."