Sakafu ya Trela ya Ndabibi

Kiptanui alikuwa seremala katika karakana ya Bwana Kartar mjini Nakuru, na kwa miaka tisa hakuna fundi aliyesifiwa kuliko yeye. Wakulima walitoka Njoro na Rongai wakimwulizia kwa jina. Bodi ya lori ni Kiptanui, milango ya ghala ni Kiptanui. Halafu mwaka wa hamsini na tano akaja Owuor.

Owuor alikuwa amejifunza kuchomelea chuma jeshini. Alifika na barakoa yake ya kioo cheusi na kicheko cha kujaza karakana nzima. Siku alipowasha mashine mara ya kwanza, watu waliacha kazi, wakasimama wakijikinga macho kwa viganja ili waone cheche. Kiptanui peke yake aliinama akaendelea kupiga randa, akaipiga mbao ya watu mpaka ikawa nyembamba isiyofaa kitu.

Tangu hapo Owuor akisifiwa, Kiptanui alihisi ametukanwa yeye. Hata nyumbani hakupumzika. Jioni moja alimkuta mkewe, Jepkorir, anapika kwa lile jiko la makaa lililokuwa limevunjika mguu.

"Nani ametengeneza hili?"

"Ni Owuor, baba Jelagat. Nilipita kazini kwenu, wewe ulikuwa umetumwa stesheni. Ameunga dakika mbili tu, na hakutaka hata senti."

"Mimi ningelitengeneza."

"Umesema hivyo tangu Krismasi," Jepkorir akasema bila ubaya, akageuza ugali.

Kiptanui alikula kidogo siku hiyo. Alitazama ule mguu wa jiko, jinsi ulivyoungwa vizuri, akatamani ungekatika.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokaribia, Bwana Kartar aliwaita wote wawili. Kulikuwa na kazi ya trela ya kubeba magari na matrekta. Fremu ilikuwa tayari, ilibaki kuamua sakafu.

"Mbao za mvule," Kiptanui akasema mara moja. "Sakafu nzima, upande hadi upande. Tairi inashika vizuri kwa mbao, na ubao mmoja ukioza unatoa huo mmoja, unaweka mwingine."

"Mvule ni mzito," Owuor akasema. "Na matope ya Naivasha yatakaa hapo juu mpaka yaote nyasi! Bwana, tuweke njia mbili za chuma, moja ya magurudumu ya kushoto, moja ya kulia. Katikati tuache wazi. Matope yanaanguka chini, trela inabaki nyepesi, lori halichoki."

Bwana Kartar alicheka kwa ile habari ya nyasi. Akakuna ndevu, akatazama fremu, kisha akampiga Owuor begani. "Njia mbili. Anza leo." Akamgeukia Kiptanui. "Wewe maliza yale madirisha."

Madirisha! Kiptanui alirudi kwenye meza yake masikio yakiwaka.

Siku ya nne, chuma kikiwa kimeshakatwa na upande mmoja umeshachomelewa, alisikia karani akitaja mwenye trela. Ni yule mzungu wa Ndabibi, ng'ambo ya Ziwa Naivasha. Kiptanui alisimama na msumeno mkononi. Aliwahi kutumwa huko kutengeneza milango ya ghala, na aliliona trekta la mzungu huyo kwa macho yake. Magurudumu yake mawili ya mbele yalikuwa yamebanana katikati, karibu kama gurudumu moja. Trekta la namna hiyo lingepanda vipi juu ya njia mbili? Magurudumu ya mbele yangekuwa juu ya hewa tupu.

Angeweza kusema hapo hapo. Owuor alikuwa hatua kumi kutoka kwake, ameinua barakoa, anafuta jasho. Lakini mtu mmoja alikuwa akimwambia Owuor, "Kweli wewe ni fundi," na Owuor akacheka kile kicheko chake. Kiptanui akameza maneno. Acha amalize, akajiambia. Acha aipeleke mwenyewe mpaka Ndabibi, wote waone.

Trela iliisha, ikapakwa rangi ya kijani. Bwana Kartar aliwatuma wote wawili waipeleke Ndabibi, wakapakie trekta lenyewe, maana mzungu alitaka lihamishiwe shamba lake la Njoro. Njiani Owuor aliimba. Kiptanui alitazama nje tu, moyo ukimpiga kama mtu anayengojea harusi.

Walipofika, Owuor aliliona trekta. Alizunguka trela mara mbili. Wafanyakazi wa shamba walisimama wakisubiri, na mmoja akaanza kucheka chini chini. Kiptanui alikuwa amengojea kicheko hicho majuma matatu, na kweli kilikuwa kitamu.

"Sirudi mikono mitupu," Owuor akasema. Akaenda ghalani, akarudi ameburuta ubao mrefu wa podo, akaulaza katikati, kutoka chini mpaka juu ya trela. "Mbele itapita hapa. Kiptanui, wewe ndiye mtu wa mbao. Ubao huu utahimili?"

Kiptanui aliinama. Aliuona ufa kabla hajaugusa. Ulianzia kwenye jicho la mti, ukapita chini kwa chini kama uzi. Mtu wa chuma asingeuona. Pale pia angeweza kusema. Lakini ni lini Owuor aliwahi kumwuliza neno lolote, ila leo aibu imemkaba?

"Wewe ndiye uliyechagua," akajibu, akasogea kando.

Owuor akapanda trekta mwenyewe. Magurudumu ya mbele yalipanda ubao, ya nyuma yakashika miisho ya njia za chuma iliyoinamishwa chini, na mbele ilipofika katikati ubao ukalia mara moja tu ukakatika. Pua ya trekta ikazama katikati ya zile njia mbili. Owuor alirushwa kando, na mkono wake wa kushoto ukabanwa kati ya usukani na chuma alichokichomelea mwenyewe. Kiptanui ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika.

Bwana Kartar aliagiza mvule juma lile lile. Kiptanui alijaza ile nafasi ya katikati kwa mbao, zile njia za chuma zikabaki pembeni, na trela ikabeba kila kitu kilicholetwa. Watu wakamsifu. "Laiti tungalikusikiliza tangu mwanzo," Bwana Kartar akasema. Kiptanui aliitikia, akarudi kwenye randa yake.

Jumapili alikwenda hospitali. Jepkorir alikuwa ametangulia, ameketi kando ya kitanda akimshikia Owuor kikombe cha uji. Hata pale, hata kwa mtu aliyefungwa plasta mpaka kwapani, wivu ulimchoma. Aliona haya mbele ya nafsi yake. Akamwomba mkewe awaache kidogo.

"Ule ubao," akasema. "Niliona ufa."

"Najua. Nilikuona ukitazama," Owuor akasema. "Nikasema moyoni, kama kuna ubaya, Kiptanui atasema."

"Na habari ya trekta pia nilijua. Tangu siku ya nne."

Owuor alijiinua kidogo kitandani. Safari hii hakukuwa na kicheko. "Nilikukosea nini?"

Kiptanui aliinama, akavuta blanketi lililokuwa likianguka kitandani.

"Nenda nyumbani," Owuor akasema, akageukia ukuta.

Owuor alirudi kazini baada ya miezi mitatu, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekauka. Yale aliyokiri Kiptanui hakumwambia Bwana Kartar wala mtu mwingine. Na Kiptanui, kila alipoona wageni wakikusanyika kutazama cheche, alihisi kile kitu cha zamani kikijinyoosha kifuani. Siku hizo aliweka randa chini, akavuka karakana, akamshikia Owuor chuma upande ambao mkono wake ulishindwa. Owuor hakumshukuru. Alisema tu, "Inua kidogo," na Kiptanui akainua.