Spika Alizochagua Wifi

Mume wangu aliponiacha aliondoka na boti yetu mpya yenye muziki, na abiria wakamfuata. Mimi nilibaki na boti kuukuu yenye mashine ya kelele. Dada yake ndiye aliyenipeleka duka la spika. Nikashika spika ndogo.

"Hizo za sebuleni, wifi. Chumvi itazila kama kaka yangu alivyokula ujana wako."

Akachagua kubwa, za baharini. "Dukani kila spika inaimba," akamwambia fundi wa duka. "Twende tukazijaribu kwenye boti."

Kwenye boti fundi akazifunga, mashine ikawashwa na wimbo ukapigwa. Wifi akakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mashine. "Nasikia kila neno!"

Siku hizi benchi lile ndilo linalojaa kwanza. Kaka mtu sijamsamehe. Lakini kila nikiwasha muziki, namshukuru Mungu kwa dada yake.