Chumba cha Siku Mbili

Mama mkubwa Hyang-ran alikuja kwetu Alhamisi asubuhi akiburuta begi lake la magurudumu. Akavua viatu, akavishika mkononi, akabaki amesimama pale mlangoni.

"Dada, ingia basi," Mama akamwambia. "Mwenye nyumba gani anasimama mlangoni kwake kama mtu aliyekuja kudai kodi?"

Tulikuwa tumekubaliana hivyo. Mpaka Jumamosi jioni chumba chetu kingekuwa chake. Mama angelala ghorofani kwenye mkahawa anakoosha vyombo, na mimi ningebaki kama mgeni, mtoto wa mdogo wake aliyepita kusalimia. Yote hayo kwa ajili ya kaka Gwang-il, mwanawe wa pekee. Kampuni yake ilimleta Korea kwa mafunzo, ikampa siku mbili za kumwona mama yake kabla ya kurudi Uchina.

Mama mkubwa anatunza wagonjwa. Si muuguzi. Muuguzi zamu ikiisha anakwenda kwake, mtunzaji anabaki. Wagonjwa wake ni wale wasioweza kushika kijiko, na yeye analala hapo hapo, kwenye kitanda chembamba kinachovutwa kutoka chini ya kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa akipona au akifa, anafunga begi, anahamia kwa mwingine. Alipotoka kwetu Hwaryong, mji wa Wakorea wa Uchina, Gwang-il alikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ana ishirini na mitatu. Muda wote huo, hapa Seoul na miji ya jirani, Mama mkubwa hajawahi kuwa na ufunguo wa mlango wowote.

Ila Gwang-il hakujua. Mwaka wa kwanza alimpigia simu akilia, Mama unalala wapi, naye akamjibu nimepanga chumba, usiwe na wasiwasi, kina dirisha. Mwaka wa pili chumba kikapata friji. Baadaye pazia la kijani, baadaye ua kwenye chungu. Hakuwa anabuni. Aliangalia wadi aliyokuwamo, akamtajia mtoto vilivyomo, akiacha kutaja wagonjwa.

"Chumvi iko wapi?" Mama akamuuliza, kama mwalimu.

"Kabati la juu, kulia."

"Kushoto, dada. Kulia ni dawa ya mende. Utamuua mtoto wa watu."

"Ni mtoto wangu."

"Basi ndiyo uwe mwangalifu. Maji ya moto?"

Mama mkubwa akabonyeza ukutani. Giza.

"Umezima taa."

"Mdogo wangu, kule kwangu nafungua bomba tu, ya moto yanakuja yenyewe."

"Kwako wapi?" Mama akasema. Lilimtoka kama utani, likaanguka vibaya.

Chumba chetu kiko nusu ardhini. Dirishani unaona miguu ya wapita njia, na mvua ikinyesha matope yanarukia kioo. Mama mkubwa alikizunguka siku nzima akikigusa. Alifungua droo, akaifunga. Alikaa upande huu, akahamia ule. Lakini vitu vyake hakuvitoa kwenye begi hata kimoja. Mswaki aliutoa, akautumia, akaufuta kwa taulo, akaurudisha. Niliona nikataka kumwambia, Mama mkubwa, uache pale juu ya sinki, watu wenye nyumba wanauacha. Lakini mimi si msemaji. Shule ya hapa niliiacha baada ya miezi michache. Lugha yetu na ya wenyeji ni moja, ila nikijibu swali darasa zima lilikuwa linarudia lafudhi yangu. Tangu hapo nimezoea kuangalia tu.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kumpokea kituoni Daerim. Watu walipomiminika kutoka kwenye treni, Mama mkubwa alikuwa anatafuta kwenye usawa wa mabega ya watu. Gwang-il alisimama mbele yake na yeye bado anachungulia nyuma ya kiwiko chake. Simu haioneshi urefu wa mtu.

"Mama," akasema yule kijana, juu huko.

Mama mkubwa alimtazama kifuani kwanza, halafu polepole akainua uso. Akasema, "Umekula?"

Nyumbani alipika samaki, mchuzi wa soya, viazi vya kukaanga vile vya kwetu. Nikawa namwonesha vitu kwa macho: jicho kushoto chumvi, jicho chini mwiko. Alipotaka kunawa mikono akazima taa tena. Gwang-il akainuka, akaiwasha, akarudi kukaa.

"Swichi za huku ni mbovu," Mama mkubwa akasema.

"Ndiyo, Mama."

Alikuwa mpole mno, upole wa mtu aliyekuja ofisini kuomba barua. Alikula kidogo kidogo, akikitazama chumba. Alitazama friji. Alitazama kabati. Alitazama sakafu kutoka ukuta mpaka ukuta.

"Chumba kizuri," akasema.

"Kidogo tu."

"Si kidogo. Hapa tungetosha." Akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Mimi na wewe. Hata Bibi tungetosha naye."

Mama mkubwa akacheka, akamwekea kipande kingine cha samaki. Lakini mimi nilikuwa naona uso wake, na nikaelewa kwamba naye ndiyo kwanza anaelewa. Miaka kumi na moja alikuwa akimjengea mtoto chumba kwa simu ili alale bila wasiwasi. Na mtoto alikuwa amelala Hwaryong, kwa bibi, akijua mama yake ana chumba, ana friji na pazia, na bado hamwiti aje. Mwaka hadi mwaka hakumwita. Kesho yake angepanda ndege akilijua hilo hilo, sasa akiwa ameliona kwa macho.

Nilidhani atasema. Nilisimamisha kijiko. Yeye akaanza kukusanya sahani.

Baada ya kula Gwang-il alijinyoosha sakafuni. Sakafu, inayopashwa moto kwa chini, ilikuwa na joto, na mafunzo yalikuwa yamemchosha. Akasinzia chali, mikono kifuani. Mama mkubwa akaegemea ukuta, macho yakamfunga naye. Mimi nilikuwa natoa mizizi ya chipukizi za soya za mchuzi wa jioni. Nje miguu ilikuwa inapita.

Saa nane ilipofika, Mama mkubwa aliinuka.

Sijui nieleze vipi. Macho yalikuwa wazi, ila hayakuwa na mtu ndani. Alipiga magoti karibu na Gwang-il, akaukunja mguu wake mmoja, akaingiza mkono chini ya bega na mwingine chini ya kiuno. Akamgeuza upande. Mtu mrefu kiasi kile, akamgeuza kama ukurasa wa kitabu. Akasokota blanketi, akalikaza nyuma ya mgongo wake asirudi chali. Akapapasa sakafu kama anayepima shuka limelowa. Kisha akaanza kumpiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, pu, pu, pu, kutoka chini kwenda juu.

"Haya mzee," akasema, kwa sauti nisiyoijua, laini, ya heshima. "Samahani mzee, tumegeuka tayari. Tukohoe kidogo. Kohoa, mzee wangu."

Gwang-il alikuwa amefumbua macho. Alikuwa ameelekea upande wangu. Hakujitingisha. Alimwacha amalize.

"Mama," akasema mwishowe. "Unafanya nini?"

Mkono ukabaki hewani. "Saa nane," Mama mkubwa akajibu.

"Saa nane ina nini?"

"Kila baada ya saa mbili lazima mgonjwa ageuzwe..." Akautazama mkono wake.

Gwang-il akaketi. Hakumuuliza yeye. Aliniuliza mimi. "Yeon-hwa. Hiki chumba cha nani?"

Nilitazama bakuli la chipukizi. Nilikuwa nimeahidi. Lakini alikuwa ameuliza polepole, na swichi ilikuwa imeshasema, na mswaki pia.

"Cha Mama na mimi," nikasema.

"We mtoto!" Mama mkubwa akang'aka.

"Usimgombeze. Mama, unalala wapi?"

"Kwa mgonjwa."

"Siku gani?"

"Siku zote. Wagonjwa wana Jumapili?"

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika."

Gwang-il akaanza kucheka, kicheko kibaya, kisha akajifuta uso kwa mikono yote miwili. "Nilimwambia Bibi una watu wengine huku. Nilimwambia, mtu mwenye chumba na friji anakosaje nafasi ya mtoto mmoja? Bibi akanipiga kwa ufagio."

"Alifanya vizuri."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ningekuita uje ulale wapi, chini ya kitanda cha mgonjwa?" Sasa alikuwa amekasirika, au alikuwa analia, kwake ni kitu kimoja. "Nilitaka ulale vizuri."

"Sikulala."

Mimi nikaziosha zile chipukizi mara ya pili, ingawa zilikuwa safi.

Kisha Gwang-il akavaa koti. "Nipeleke."

"Si mahali pa kwenda kutembea."

"Nipeleke nikaone."

Begi la Mama mkubwa lilikuwa limeshafungwa, maana hakuwahi kulifungua. Gwang-il akalibeba begani, hakutaka kuliburuta, na tukapanda basi la kwenda hospitalini kwake, Bucheon.

Wadi ina vitanda sita, na chini ya kila kitanda kitanda kingine. Watunzaji wote walikuwa watu wa kwetu. Mmoja, mama mnene wa Yanji, mji wa jirani na kwetu, alipotuona akapiga kofi pajani.

"Huyu ndiye yule mtoto? Mbona mrefu hivi, ulikuwa unamlisha kwa simu?"

"Nyamaza wewe."

"Kijana, inama tukuone! Mama yako alituambia ana mtoto wa kimo hiki." Akaonesha kiunoni kwake.

Wote wakacheka, na Gwang-il akainama kweli, wakamshika mashavu kwa zamu. Ndipo yule aliyemshikia zamu Mama mkubwa akasema, "Umerudi? Afadhali. Nimeitwa kwa mgonjwa mwingine," akachukua mkoba wake, akaondoka bila kungoja jibu. Likizo ikawa imeishia hapo. Mama mkubwa akavaa aproni.

Mgonjwa wake ni mzee aliyepooza upande mmoja. Alikuwa amenuna.

"We mama, umechelewa."

"Samahani, mzee."

"Huyo nani?"

"Mwanangu."

Mzee akamtazama Gwang-il muda mrefu. Amekaa na Mama mkubwa mwaka na miezi, amelishwa naye kila mlo. "Una mtoto?" akasema.

"Ninaye, mzee."

Gwang-il alivuta kile kitanda cha chini, akakikalia. Magoti yakamfika kifuani. Alitazama pale alipo mama yake kila siku: mikebe yake ya wali kwenye friza ya wadi yenye jina lake, pazia la kijani, soksi zake zinazokauka kwenye chuma cha kitanda. Saa kumi ilipofika aliinuka mwenyewe.

"Nishike wapi?"

"Kaa, utamtegua."

"Nishike wapi, Mama?"

"Kiunoni. Si hapo, chini kidogo. Usimvute. Umnyanyue kama mtu, si gunia."

Wakamgeuza pamoja. "Mkono wa huyu una nguvu," mzee akasema, akiwa ameangalia ukuta. "Abaki huyu."

Mama mkubwa akakaza mto nyuma ya mgongo wa mzee.

Jioni, wageni walipoambiwa watoke, Gwang-il alirudi nami kulala kwetu, na Mama akarudi kutoka mkahawani akatupikia zile chipukizi. Kesho yake asubuhi Gwang-il alikuwa wadini tena, nami nyuma yake. Hivyo ndivyo siku zao mbili zilivyokwisha, yeye kwenye kile kitanda cha chini, mama yake amesimama. Walizungumza kidogo. Walitazama televisheni ya ukutani na wagonjwa. Wakati wa kula walikula wali wa kwenye friza, na Mama mkubwa akaumaliza wake kwa dakika tano, kama kawaida yake, halafu akabaki kumtazama anavyotafuna.

Saa tisa ikabidi Gwang-il aondoke. Mama mkubwa alitusindikiza mpaka kwenye lifti, hatua ishirini hivi, akigeuka nyuma kila mara kusikiliza wadi.

"Ukifika piga simu. Ule."

"Mama, ukipiga simu usiniambie tena una nini chumbani." Gwang-il alikuwa ameshika mlango wa lifti kwa kiwiko. "Niambie wadi. Ukihama, niambie umehamia wapi, ghorofa ya ngapi, kitanda cha ngapi."

"Nikikuambia utafanya nini, na wewe uko ng'ambo?"

"Nijue tu."

Mama mkubwa akafikiri. Alinyoosha mkono akamkunjulia kola ya koti, ingawa haikuwa imekunjamana. "Bucheon," akasema taratibu, kama mtoto anayesomeshwa anwani. "Ghorofa ya tano. Wadi ya mia tano na saba. Kitanda cha tatu."

"Cha tatu kutoka wapi?"

"Kutoka mlangoni."

"We mama!" mzee akaita kule ndani. "We mama!"

Mama mkubwa akaondoka. Ndala zake zilisikika zikikimbia kwenye korido. Gwang-il akaondoa kiwiko, na milango ikajifunga. Hakubonyeza namba, na mimi sikubonyeza. Tulisimama humo ndani, lifti haipandi wala haishuki, mpaka mtu fulani huko chini alipoiita.