Mtoto wa Tatu Anapoitwa Kule Kyarumba

Walisema sitapata diploma, na nikiipata hakuna atakayejua ni yangu. Aliyeyasema hayo kwa sauti kuliko wote ni kinyozi wa Bwera, mtu aliyeninyoa tangu nikiwa shule ya msingi.

"Jina lako hilo," aliniambia, mashine ikipita kisogoni, "nikisimama mlangoni nikaliita sasa hivi, nusu ya soko itageuka. Watajuaje aliyesoma ni yupi?"

Waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akapaliwa na karanga.

Alikuwa na hoja. Sisi Wakonzo, watu wa milimani mpakani mwa Kongo, hatupewi jina la ukoo. Mtoto anapewa jina la zamu yake ya kuzaliwa: wa kwanza wa kiume ana lake, wa pili ana lake, na wasichana wana yao. La ubatizo huongezwa, lakini milimani halitumiki sana. Mimi ni wa tatu. Jina langu ni la kila mtoto wa tatu wa kiume kuanzia Mahango hadi ng'ambo ya daraja la Mpondwe, kwa ndugu zetu wa Kongo, ambako linabadilika mwanzo tu.

Nilikwenda Nairobi kusomea ujenzi. Karani wa chuo aliniuliza jina la familia, nikamtajia hilo.

"Na kaka zako wanaitwa hivyo?"

"Hapana. Kila mmoja na lake."

"Sasa nyinyi ni ndugu au wapangaji?"

Bwenini nilijifunza majina ya watu. Kijana wa kando ya ziwa alibeba jina la usiku aliozaliwa. Wa pwani alikuwa na lake, la baba na la babu, yamefuatana kama mabehewa. Muganda mmoja, ukisikia jina lake unajua ukoo wake na mnyama asiyemla. Langu lilikuwa linahesabu. Lilisema: mbele ya huyu wapo wawili.

Kisha likawa linasema uongo. Mkubwa wetu alizama Ziwa George, mtumbwi ulipopinduka karibu na Kasenyi. Wa pili aliugua, akafia hospitali ya Kasese wakati mimi nafanya mtihani wa mwisho. Wazazi walikuwa wameshatangulia. Habari zote mbili nilizipokea kwa simu, nimesimama kwenye korido ileile ya bweni. Na kwetu jina halipandi cheo. Hata ukibaki peke yako, wewe ni wa tatu.

Nilirudi na diploma, na alama ambazo darasani kwetu hakuna aliyezifikia. Nilirudi pia bila hata mwiko wa kujengea. Kinyozi yuleyule alinipa chumba cha nyuma ya duka lake bila kodi. Mwanajeshi mmoja wa kambi ya Kasese alinikopesha mabati aliyokuwa ameyanunua kwa ajili ya nyumba ya kwao kaskazini. Na mjane mmoja wa Kyarumba, jirani wa marehemu mama, alinipa magunia ya kahawa niyauze nianzie.

Nilianza, na sikuanguka. Leo ukitoka Bwera kwenda Kasese, nyumba zenye kona zilizonyooka ni zangu. Zilizopinda, waulize wenyewe nani aliwajengea. Kinyozi nilimjengea duka la matofali lenye kioo ukuta mzima. Akajitazama humo, akasema, "Basi nimekuwa mzee hivi?" Hayo ndiyo yalikuwa maombi yake ya radhi.

Mabati niliyarudisha kambini mapya, nikiyashusha mwenyewe kwenye pikapu.

"Wee, wa tatu! Kuja hapa!" aliita afande yule aliyenikopesha. Lugha yetu alishajifunza kiasi cha kujua maana ya jina. "Wa kwanza na wa pili iko wapi? Wewe tu nabeba?"

"Walikufa, afande."

Alipokea bati la mwisho mikononi mwangu. Halafu akaniambia kwamba jina lake kwao ni la mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha, na mapacha wenyewe hakuwahi kuwaona. "Kila mutu anayejua hiyo jina, anauliza mapacha," alisema. "Leta kikombe. Kunywa chai."

Nilijijengea nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Ninatumia kimoja. Mjini wananiita Injinia, nami napenda, sitaficha, nimelitolea jasho. Lakini jina hilo hakunipa aliyenizaa. La nyumbani nilikuwa nalisikia kwa wale waliokuwa wakinidai mali na shukrani. Kila nilipomlipa mmoja, mlango wangu ulipungukiwa sauti moja ya kuniita.

Mjane wa Kyarumba nilimwacha wa mwisho. Pikapu ilinifikisha na magunia ya kahawa mpaka barabara inapokatika, nikajitwika gunia la kwanza kichwani.

"Injinia!" wanawake waliokuwa wanashuka walinicheka. "Gari limekataa, shingo imekubali?"

Nilipanda na kushuka mpaka magunia yote yakafika uani kwake. Mama yule aliuma punje moja, akatikisa kichwa kukubali. "Imekauka vizuri."

Akaketi juu ya gunia. Mwanawe wa tatu alivuka daraja kutafuta kazi Kongo, na hajaleta habari. "Siku ile ulipokuja kuomba," alisema, "nilisikia jina mlangoni, mkono ukatoa wenyewe. Sasa hunidai, sikudai. Nenda nyumbani kwako, mwanangu."

Nilishika njia ya mteremko, sina deni kwa mtu yeyote chini ya mbingu. Nilikuwa nimefika kwenye migomba ya chini niliposikia sauti yake kutoka juu, ikiita jina la mtoto wa tatu, ndefu, kama mama anavyomwita mtu aliyechelewa chakula.

Nikageuka. Mwanamume mmoja aliyekuwa akilima maharage kwenye mlima wa pili naye alinyanyuka, na mwingine, kule kwenye kahawa, akaweka kikapu chini. Hakuna aliyejua ni nani kati yetu anayeitwa.

Tuliitika wote watatu. Sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.